Ngozi ya Gideoni na Farasi Mwekundu

Ijumaa ya matanga ya Mama Rebeka, katika ukumbi wa kanisa kaskazini mwa Columbus, Shemasi Yosua alishika kipaza sauti akanisema mbele ya watu waliotoka Louisville na Buffalo, nami nimeketi safu ya tatu na kikombe cha chai mkononi. Alianza vizuri, akimsifu marehemu kwa ukarimu wake, kisha akafika kwenye mwaka ule wa Louisville na nyumba ile ambamo Mama Rebeka alinipokea. "Benye balikuwa kule banakumbuka," akasema. "Mungu alimupa dada Dorika karama ya unabii, yeye akaipeleka kwa mafarasi. Njo maana ilikufa." Watu wakaguna lile guno la kanisani, guno la mtu aliyepewa fundisho. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo liliniudhi zaidi, maana lilionyesha kwamba walishaizoea hadithi hiyo na hawakuhitaji kuhakikisha kama mwenyewe nipo. Nimeisikia ikisemwa mara nyingi, na kila mara inaongezwa chumvi. Sasa nina nywele nyeupe zangu mwenyewe na sidaiwi adabu na mtu wa rika la Yosua. Basi nitaueleza mwaka ule kama ulivyokuwa, na asiyetaka kusikia aende akanywe chai.

Habari za kwetu milimani, na za kambi ya wakimbizi, sitazisema hapa. Wengine wamezisema vizuri kuliko mimi. Mwaka wangu unaanzia katika chumba cha Bwana Walter, kwenye nyumba ya kulelea wazee ambako nilipata kazi ya kuogesha, kuvalisha na kulisha. Kilikuwa chumba kidogo mwisho wa korido, chenye joto la kupita kiasi, kinanuka dawa ya kuchulia viungo na supu ya nyanya. Chini ya kitanda palikuwa na buti za ngozi ambazo miguu yake iliyovimba haikuweza tena kuingia, lakini ole wako uziguse. Bwana Walter alikuwa mpanda farasi wa mbio za kuruka viunzi enzi za ujana wake, na nyonga zake zote mbili ziliwahi kuvunjika kwa ajili hiyo. Mji mzima wa Louisville una wazimu wa farasi, lakini wa mbio za kawaida, za kukimbia tu kwenye uwanja laini. Hao yeye aliwadharau. Farasi wa viunzi, alisema, lazima afikiri huku amechoka. Macho yake yalikuwa yanakufa, naye bado alikuwa anaandika uchambuzi wa kabla ya mbio kwa kijarida fulani cha mtandaoni kilichosomwa na wazee wenzake: nani anashiriki Jumamosi, nani ana nafasi, na kwa nini. Alihitaji macho ya mtu. Siku moja, nilipokuwa nakusanya vyombo, akanisogezea kompyuta yake bapa iliyokuwa inaonyesha mbio na kuniuliza farasi wa tatu alitua vipi. Nikamwambia alitua kwa mguu mmoja kabla ya mwingine, kama ng'ombe anayeogopa tope. Akaniambia nikae.

Nisingiziwe lolote ila si kwamba niliamka asubuhi nikaona maono. Nilikosea majuma mengi. Nilichagua farasi kwa uzuri wa shingo, Bwana Walter akanicheka mpaka akakohoa. Alinifundisha kutazama mbio za nyuma bila sauti, kurudia viunzi viwili vya mwisho tena na tena, kwa sababu huko ndiko farasi anasema ukweli wake. Alinifundisha kuuliza amebebeshwa uzito gani, njia ni ndefu kiasi gani, amepumzika muda gani, na ardhi ni ngumu au imelowa. Majina yao ya Kizungu yalinipiga chenga, hivyo nikawapa majina ya ng'ombe wa kwetu kwa rangi zao, naye akayazoea, ikawa mzee wa Kentucky anasema Gaju na Bihogo bila aibu. Jambo moja alilishikilia kuliko yote. Kila uchambuzi lazima uwe na "kama" yake. Fulani atashinda, kama hivi. Na kama vile, basi ni fulani mwingine. Nikimsomea aya isiyo na "kama" ananifutisha yote. Alisema mchambuzi asiyeweka sharti ni mlevi anayepiga kelele kwenye baa. Wala hatukuweka dau hata mara moja, yeye kwa sababu dau lilimponza ujanani, mimi kwa sababu kanisani kwetu kamari ni dhambi na sikuwa na hamu nayo hata hivyo. Nilichokipenda ni ile kazi ya kutazama na kufikiri. Siku nzima nilikuwa mikono tu, ya kuinua na kupangusa. Katika saa ile moja nilikuwa na kichwa.

Nilikaa kwa Mama Rebeka, mjane aliyekuwa jirani yetu kambini, ambaye mtoto wake wa pekee, Fidele, alikuwa amepelekwa na shirika la wakimbizi hadi Columbus, pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Tulilala chumba kimoja, vitanda viwili vimekaribiana hata ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako. Jioni alipika fufu ya muhogo na sombe ya majani yake, au maharagwe na viazi, na kila siku alilalamikia maziwa ya galoni kwamba ng'ombe wake lazima waliishi kwa kunywa maji tu. Nikirudi kazini alinitaka nimsimulie farasi. Alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe, hivyo sikuhitaji kumweleza sana; nikisema mnyama huyu aliwahi kuanguka mahali hapa na atapakumbuka, yeye anaitikia kabla sijamaliza. Zilikuwa saa nzuri. Kosa lake, ikiwa ni kosa, ni kwamba alijivuna kwa ajili yangu. Majira yale ya kuchipua farasi wangu walishinda Jumamosi tatu mfululizo, naye akasimama kwenye kikundi cha maombi cha akina mama akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa mtoto wake macho. Alisema macho, sijui nani aliyegeuza yakawa unabii. Jumapili iliyofuata mwanamke ambaye hakuwahi kunisalimia alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza kama mumewe atapata kazi. Nikamjibu kwamba sijui. Akatikisa kichwa na kutabasamu, akaniambia nabii wa kweli huwa mnyenyekevu. Mtu akishaamua kukuvika kilemba cha ukoka, hata ukikivua anakiona bado kipo kichwani.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa linajadili kuhama. Kodi zilipanda, kazi za ghala zilikuwa mbali na hakuna basi, na kundi la familia lilitaka kuondoka pamoja ili lisitawanyike. Wengine walisema Columbus, ambako kuna maghala mengi na watu wetu tayari. Wengine walisema Buffalo, ambako nyumba ni rahisi na mtu wa kazi ya kiwandani anaweza kupata ya kwake. Niliyasikia majadiliano hayo kupitia ukuta wa jikoni majuma mazima, sauti ya Papa Enoki, mzee wa kanisa, ikiwa juu ya zote. Kila mtu alijua Mama Rebeka anataka wapi. Mjukuu wake alikuwa ameanza kutembea, naye alimwona kwenye simu tu. Mimi nilikuwa nibaki Louisville kwa sababu ya kazi, lakini nilimwombea aende Columbus, na nilimwambia hivyo.

Alhamisi moja Papa Enoki na Mchungaji walikuja kula kwetu. Nilifurahi, wageni wa namna hiyo ni heshima. Mama Rebeka alipika kuku, akatandika kile kitambaa chenye maua ambacho kilikaa sandukuni mwaka mzima. Wakaniuliza habari za kazi, za afya, za Bwana Walter. Mchungaji, ambaye mwezi uliopita alihubiri dhidi ya michezo yote ya farasi, akauliza kwa upole kama Jumamosi kuna mbio. Nikasema zipo, Tennessee. Nilidhani mzee wa watu amependa tu mazungumzo.

"Bon, mutoto yangu," akasema Papa Enoki, "sasa mwenye atashinda ni nani?"

"Ni Gaju, ule mwekundu," nikasema. "Kama mvua hainyeshe. Ule farasi hapendi tope. Kama inanyesha..."

"Inatosha," Mchungaji akasema. "Tuombe."

Kwetu Mchungaji akisema tuombe, macho yanafumbwa na midomo inafuata. Nilimalizia sentensi yangu chini chini, kwa sababu nilifundishwa kuimaliza, kwamba mvua ikinyesha ni Bihogo, lakini sauti ya Mchungaji ilikwisha kupanda. Mama Rebeka alisimama ubavuni mwangu na bakuli la sombe mikononi. Baada ya amina tukala, tukacheka, wakaaga.

Jumamosi mvua ilinyesha Tennessee tangu alfajiri. Nilikuwa zamu, na Bwana Walter alinituma niandike upya uchambuzi wetu kabla ya mbio: ardhi imelowa, Gaju hana chake, tazameni Bihogo. Tukatazama pamoja, mimi ninasimulia, yeye amefumba macho. Gaju aliongoza kwa muda mrefu, halafu nikaona hatua zake zinafupika. Kwenye kiunzi cha pili kutoka mwisho miguu ya mbele ikateleza baada ya kutua, akaenda chini na kuinuka, mpandaji wake naye akainuka akijishika bega. Bihogo akapita polepole kana kwamba anakwenda kunywa maji, akashinda. Bwana Walter akapiga kiti kwa kiganja, akasema sasa niandike chini ya jina langu mwenyewe, na kwamba hatarudia kulisema. Nilirudi nyumbani ninaimba. Nikafungua mlango nikakuta Papa Enoki, Mchungaji na wanaume wengine wawili wameketi sebuleni, simu ya Papa Enoki iko mezani. Nikawaambia, ninacheka, kwamba Bihogo ameshinda. Mchungaji akainuka akachukua koti lake. Mama Rebeka alikuwa jikoni, ananipa mgongo, anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Jumapili Papa Enoki alitangaza kwamba Bwana amefunga njia ya Columbus na familia zitakwenda Buffalo. Nikapiga makofi pamoja na wengine, mjinga mimi, ingawa nilimhurumia Mama Rebeka. Ni baada ya ibada ndipo Papa Enoki aliponiita pembeni akaniambia kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. Walikuwa wametega ngozi, akasema, kama Gideoni alivyoiweka ngozi ya kondoo nje ili aone kama umande utaanguka juu yake, apate kujua mapenzi ya Mungu. Ngozi yao ilikuwa farasi wangu. Farasi nitakayemtaja akishinda, ni Columbus. Akishindwa, ni Buffalo. Hawakuniambia, kwa sababu nabii akijua anaulizwa nini moyo wake unaweza kuingilia. Nilimwambia kwamba nilisema kama mvua hainyeshe. Nilimwambia kwamba niliandika Bihogo na Bihogo ameshinda, aje aone kwenye kompyuta. Akaniwekea mkono begani. "Mutoto yangu," akasema, "nabii haseme kama."

Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma hadi leo ninapoandika. Mtu akibisha kazi yako kwa kuwa umekosea, unaweza kumwelewa. Hawa walichukua nusu ya maneno yangu, ile nusu ya kijinga ambayo mpita njia yeyote angeweza kuisema, wakaitupa ile nusu iliyonigharimu miezi ya kutazama. Wakajenga juu yake maisha ya watu, watoto wa watu, shule, majira ya baridi. Wakaniambia hiyo ni heshima. Na Mungu wamemwingiza humo, ili ukibisha uonekane unabishana naye. Laiti wangeniuliza waziwazi juu ya miji, ningewaambia kama Bwana Walter alivyonifundisha, kwamba siwezi kumchambua farasi ambaye sijamwona akiruka, nendeni mkatazame kwanza. Wangeweza kupanda gari moja wakaenda wakaona. Walitaka ishara kwa sababu ishara haihitaji nauli.

Mama Rebeka naye alihama nao, maana aliogopa kuonekana anapinga lililotangazwa kuwa la Bwana. Mambo yalipowaendea vibaya Buffalo, ile heshima nayo ikageuka. Kiwanda kilichomwajiri Papa Enoki kilipunguza watu majira ya baridi ya kwanza, na nyumba zile rahisi zilikuwa na mashine za joto zilizochoka. Kufikia mwezi wa pili habari zilikwisha kutufikia Louisville kwamba Dorika aliongozwa na roho ya uongo. Mchungaji, ambaye yeye hakuhama, aliniambia nitubu mbele ya kanisa, kwa kamari na kwa unabii wa uongo. Nikamwambia sikucheza kamari na sikutoa unabii, kwa hiyo sina la kutubu. Nikaondolewa kwenye kwaya. Niliimba sauti ya pili tangu kambini. Watu wa nje hawawezi kujua kwaya ni nini kwa mtu asiye na kingine, na sitajaribu kuwaeleza. Niliketi benchi la nyuma Jumapili nyingi, nimefumba midomo, ninasikia pengo langu katika kila wimbo.

Nilikwenda Buffalo mara moja mwaka huo kumwona Mama Rebeka, kwa basi, theluji ikiwa imepandishwa pembeni mwa barabara kimo cha mtu. Alikaa mtaa wa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao yenye ngazi nyembamba, na madirisha aliyafunika kwa plastiki iliyokuwa inavuma kila upepo ukipita. Jirani aliyekuja kuazima chumvi aliponiona alisahau chumvi, akaondoka. Mama Rebeka akanipa chai ya maziwa na andazi la moto, akanivulia soksi zilizolowa akazianika juu ya mashine ya joto, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mbio hatukuzitaja. Picha ya mjukuu ilikuwa juu ya televisheni. Aliniuliza Louisville mvua inanyesha? Nikasema hapana, baridi tu. Miaka yote iliyofuata, kila aliponipigia simu, baada ya salamu aliuliza hilohilo: kwenu mvua inanyesha? Nilidhani ni mazungumzo ya mtu mzima asiye na la kusema. Nilimjibu haraka haraka ili tupate kuzungumza mambo ya maana.

Bwana Walter alifariki kabla ya mwaka kwisha, nami nikaendelea kuandika. Hadi leo majira yakifika ninachambua mbio za viunzi kwa wasomaji wasiotosha kujaza basi, chini ya jina langu, na kila aya ina "kama" yake. Mama Rebeka alikaa Buffalo mpaka alipougua. Ndipo Fidele alipomchukua kwake Westerville, kitongoji cha Columbus, mjukuu akiwa amekwisha kuwa kijana anayemjibu bibi yake kwa Kiingereza. Aliishi nao miezi michache tu.

Usiku ule wa Ijumaa, baada ya Shemasi Yosua kumaliza fundisho lake, nilikwenda na wanawake nyumbani kwa Fidele kupika kwa ajili ya mazishi. Nilikata vitunguu kwa hasira hata mmoja akaniambia nipumzike. Fidele akaingia jikoni. Ni mtu mzima sasa, mpole, wa zamu ya usiku ghalani. Akaomba wengine watuache kidogo.

"Yaya Dorika," akasema, kwa lile neno letu la dada mkubwa, "usimusikilize ule Yosua. Mama aliniambia. Ulisema kama mvua inanyesha, ni ule mwengine."

Kisu kikabaki mkononi. Nikamwuliza alijuaje.

"Alikusikia. Alikuwa karibu yako na bakuli."

"Akanyamaza?"

"Donc, kila mutu alijua anataka kuja huku kwangu. Angesema, bangesema anajitafutia njia. Mama alisema, mujane akisema mbele ya bazee lazima akuwe hana hamu na kitu." Akashusha macho. "Alilia sana juu yako. Lakini hakusema."

Niseme nini? Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu ambaye mwili wake ulikuwa unasubiri kuzikwa asubuhi, mwanamke aliyenivulia soksi, kwa sababu sentensi moja tu kutoka kwake ingenirudishia kwaya yangu na yeye ingempa mjukuu wake. Halafu nikawakasirikia tena wale wanaume, zaidi ya mara ya kwanza, kwa kujenga chumba ambamo mama aliyejua ukweli hakuweza kuusema kwa sababu ukweli ungemfaa. Na nikakumbuka kwenu mvua inanyesha, kwenu mvua inanyesha, miaka yote ile, nami ninamjibu haraka haraka.

Jumamosi, kabla ya kwenda makaburini, waliita watu wa karibu waseme machache. Papa Enoki alikuwa safu ya mbele na fimbo yake, amekuja kutoka Buffalo. Mchungaji, mzee sasa, kando yake. Nikasimama bila kuitwa. Yosua akasita na kipaza sauti, nikakichukua mkononi mwake. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa usiku kucha, pamoja na yale ya jikoni, na yale ya jikoni nikayaacha, maana yalikuwa ya Fidele kuyasema. Nikasema jina langu. Nikasema nililala chumba kimoja na marehemu. Nikawatazama wale wazee wawili, nikasema: "Ile siku ya mbio, mvua ilinyesha."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Ndipo Fidele aliposimama kando ya jeneza la mama yake, akageukia watu.

"Ilinyesha," akasema.